Irabu moja yatosha kumpokonya mfungaji mabao yake

Jioni moja nilikuwa nimeketi barazani karibu na Kengeleni, hapa Nyali, kikombe cha kahawa chungu mkononi, simu yangu ikalia. Ilikuwa arafa kutoka kwa mwanafunzi wangu wa zamani ambaye siku hizi ni mwandishi wa habari za michezo. Alitaka nimkagulie sentensi moja kabla hajaipeleka kwa mhariri: "Maurice Ochieng 'Sonyi' aliifunga Gor Mahia mabao 26 katika msimu wa 1976."

Kosa langu lilikuwa kuisoma kwa sauti.

Mzee mmoja, mstaafu wa bandarini, aliweka kikombe chini. "Aliifunga? Sonyi alikuwa mchezaji wa Gor! Ataifungaje timu yake mwenyewe mabao ishirini na sita? Si wangemfukuza?"

Kijana wa bodaboda aliyekuwa akingoja abiria alicheka. "Mzee wangu, si ni kitu kimoja tu? Kufunga ni kufunga. Tena hiyo rekodi ishavunjwa kitambo. Rupia ana ishirini na saba."

"Imevunjwa na nani? Wewe mwaka huo ulikuwa hujazawa!"

"Ndiyo sikuwa nimezaliwa, lakini kuhesabu najua."

Wakanigeukia wote wawili. "Profesa, tutolee hukumu." Kahawa ikapoa, nami nikawaahidi kwamba nitawajibu kwenye safu hii, kwa kuwa maswali yao mawili si ya mpira peke yake. Ni maswali ya lugha, na lugha ikikosewa hapa kuna mtu anayepoteza haki yake.

Tuanze na mambo yenyewe. Mwaka 1976 Maurice Ochieng, maarufu kwa jina la Sonyi, alipachika mabao 26 katika ligi ya taifa akiwa na Gor Mahia, na timu yake ikatwaa ubingwa bila kushindwa hata mechi moja. Idadi hiyo ilikaa miaka 47. Walikuja washambulizi wa kila aina, wakaitazama kwa mbali na kuondoka. Jesse Were wa Tusker alifikisha 22 mwaka 2015. Eric Kapaito wa Kariobangi Sharks alifikisha 24 katika msimu wa 2020/21. Ndipo ukaja msimu wa 2022/23, na Elvis Rupia wa Kenya Police akamaliza na mabao 27.

Basi kijana wa bodaboda hakukosea hesabu. Lakini alipodai kwamba "kufunga ni kufunga", hapo aliteleza, na mwanafunzi wangu aliteleza naye.

Kitenzi *funga* ni miongoni mwa vitenzi vyenye kazi nyingi mno katika Kiswahili. Tunafunga mlango, tunafunga mzigo, tunafunga safari, tunafunga ndoa, tunafunga Ramadhani. Hakimu hufunga mtu miaka mitatu. Katika michezo, kitenzi hiki hupokea vitu viwili. Cha kwanza ni bao lenyewe: "alifunga bao". Cha pili ni yule anayeumizwa na bao hilo: "aliwafunga AFC Leopards". Kwa hiyo kiambishi cha mtendwa kinapoingia ndani ya kitenzi, msomaji wa Kiswahili huelewa mara moja kwamba huyo aliyetajwa ndiye aliyefungwa. "Aliifunga Gor Mahia" maana yake ni kwamba Gor Mahia ndiyo iliyookota mipira wavuni.

Ukitaka kutaja anayenufaika, Kiswahili kina njia yake, nayo ni kauli ya kutendea. Huongezwa *-i-* au *-e-* kabla ya irabu ya mwisho, kulingana na irabu ya mzizi: *funga* huzaa *fungia*, *tenda* huzaa *tendea*. Mama akimpikia mgeni, mgeni atashiba. Mama akimpika mgeni, tutaita polisi. Tofauti ni irabu moja tu, lakini mtu mmoja yuko mezani na mwingine yuko chunguni. Vivyo hivyo, Sonyi *aliifungia* Gor Mahia mabao 26. Irabu ile ikidondoka, shujaa wa timu anageuzwa adui yake.

Mtu ataniambia muktadha utaeleza. Kwa mzee wa barazani, naam, kwa sababu alimjua Sonyi tangu ujana wake. Je, msomaji wa miaka hamsini ijayo atakayeikuta sentensi hiyo peke yake? Huyo ataamini alichokisoma.

Hata kauli ya kutendea nayo ina mitego yake. *Fungia* pia ni kumzuia mtu asishiriki jambo. Shirikisho likimfungia mchezaji mechi tatu, halijamfungia bao lolote, limemweka nje. Mwezi Februari 2022 FIFA iliifungia Kenya, na timu zetu zikakosa mashindano ya kimataifa hadi Novemba mwaka huo, ilipoifungulia. Kwa hiyo msimu ule ambao Rupia aliifungia Kenya Police mabao 27 ulianza wakati Kenya yenyewe ikitoka kufungiwa. Kitenzi ni kilekile, na msomaji haoni tabu, kwa kuwa aliyetenda na kitu kilichotajwa vinamwongoza.

Vilevile angalia *kufungwa*. Niliposema kwamba Gor Mahia ya 1976 haikushindwa, nilichagua neno kwa makusudi. Ningesema "haikufungwa", wengine wangedhani kipa wao hakuruhusu hata bao moja msimu mzima. Kwenye mazungumzo ya mtaani kufungwa ni kushindwa: "Jana tulifungwa." Kwenye hesabu kufungwa ni kuruhusu bao, na timu yaweza kufungwa mawili na bado ikashinda kwa matatu. Anayeandika habari za rekodi hana budi kuzitenganisha maana hizo.

Sasa tuje kwenye *bao* na *goli*. Wapo wanaoniandikia wakidai kwamba goli ni neno la kigeni na hivyo lifutwe. Sioni haja. Goli tulilichukua kutoka Kiingereza pamoja na mchezo wenyewe, likapata wingi wake, magoli, na likapanua kazi: mpira huingia golini, na golikipa husimama golini. Bao lilikuwapo kabla ya mpira wa ngozi kufika pwani hii. Ni ubao mkubwa, ni mchezo wa kete ambao wazee wa Mombasa na Lamu bado huucheza chini ya miti, na ni ushindi unaohesabiwa katika mchezo. Mpira ulipoingia, alama ya ushindi ilikuwa na jina tayari. Ndiyo maana twasema "kupigwa bao" hata pale ambapo hakuna mpira. Jirani akikuwahi kununua kiwanja ulichokuwa ukikitamani, amekupiga bao.

Watangazaji nao wameongeza ya kwao. Mfungaji hodari huitwa mpachika mabao au mfumania nyavu. Hili la pili hunichekesha kila nikilisikia. Kufumania ni kumkuta mtu ghafla katika jambo la siri, hasa mume au mke akiwa na asiyekuwa wake. Mshambulizi anayefumania nyavu anazikuta hazina habari, kipa ametazama kwingine. Hakuna kamati iliyoketi kubuni msemo huo. Uliundwa na mtu aliyeijua lugha, akiwa na sekunde mbili tu za kusema kabla mpira haujarudishwa katikati.

Nimetumia *mshambulizi*, kama tusemavyo Kenya. Ndugu zetu wa Tanzania hupenda *mshambuliaji*. Yote mawili ni sahihi, lakini kiishio *-aji* kina ladha yake. Mara nyingi huonyesha kwamba jambo limekuwa mazoea au kazi ya mtu. Msomi ana elimu, msomaji husoma. Mpishi ana ujuzi wa jikoni. Mpikaji ndiye apikaye. Kwa hiyo *mfungaji*, kwa asili ya umbo lake, hudokeza mtu afungaye tena na tena. Magazeti humwita hivyo hata aliyefunga moja kwa bahati, na sitagombana nayo, lakini mwenye haki kamili ya jina hilo ni mtu wa aina ya Sonyi na Rupia.

Tena mfungaji si lazima awe mshambulizi. Jimmy Kirunda wa Uganda alijulikana zaidi kama beki. Mwaka 1978 aliifungia KCC ya Kampala mabao 32 katika ligi. Ukimwita "mshambulizi" utakuwa umetaja nafasi aliyosimama uwanjani msimu huo. Ukimwita "mfungaji" umetaja alichokifanya. Rekodi huandikwa kwa vitendo.

Hapo ndipo ninapofika kwenye neno linalonikera zaidi: *bora*. Kila mwisho wa msimu twasoma kuhusu "mfungaji bora". Bora ni sifa ya ubora, na ubora hauhesabiki kwa vidole. Kinachohesabiwa ni wingi. Anayepewa Kiatu cha Dhahabu ni mwenye mabao mengi zaidi. Kama ndiye bora au siye, hiyo ni kazi ya baraza, na baraza halitakubaliana hadi kahawa iishe.

Utaniuliza, kuna ubaya gani? Ubaya wake uko katika msimu uleule wa 2022/23. Wakati Rupia anafikisha 27, kijana wa Gor Mahia, Benson Omala, alifikisha 26. Tafakari jambo hilo. Mabao 26, idadi ileile ya Sonyi, klabu ileile ya Sonyi, na Gor Mahia wakawa mabingwa kama walivyokuwa 1976. Katika msimu mwingine wowote tangu 1977, Omala angekuwa amebebwa mabegani kwa kuifikia rekodi ya miaka mingi. Lakini kwa kuwa tulikuwa na kisanduku kimoja tu, "mfungaji bora", na kisanduku hicho kilikuwa na mtu tayari, wengi hawakuwa na neno la kumpa. Msimu uliofuata alifunga 19, machache kuliko yale, na hapo ndipo akaitwa mfungaji bora. Je, alikuwa bora zaidi kwa mabao 19 kuliko kwa 26? Lugha yetu ilisema hivyo. Mpira haukusema hivyo.

Laiti tungesema "mfungaji wa mabao mengi zaidi" kwa Rupia, na "aliyeifikia rekodi ya 1976" kwa Omala, kila mmoja angepata chake. Maneno yangeongezeka kidogo, naam, lakini ukurasa ungetosha.

Turudi kwa mzee wa bandarini. Hoja yake ya pili ilikuwa kwamba rekodi "haijavunjwa" kwa kuwa zama si zamoja. Hapa nitasimama kati yao.

*Rekodi* ni neno la mkopo, na limekuja na vitenzi vyake: kuweka rekodi, kushikilia rekodi, kuvunja rekodi. Kiswahili kina "vunja" za kila namna. Tunavunja ahadi, tunavunja baraza, tunavunja jungu kabla ya Ramadhani. Katika nyingi ya hizo, kilichovunjwa hakipo tena. Mzee anaposikia "rekodi ya Sonyi imevunjwa" anasikia kana kwamba mabao yale 26 yamepigwa nyundo. Ndiyo sababu anakasirika. Siombi msemo huo uachwe, umekwisha kukomaa. Naongeza tu kwamba tunayo maneno mengine yasiyovunja kitu: *kuipita*, *kuizidi*, au lile la wacheza karata, *kuipiku*. Karata iliyopikuliwa bado iko mezani, na kila mchezaji anaiona. Rupia ameipiku rekodi ya Sonyi. Mabao 26 ya 1976 yako palepale.

Tena ni lazima tuseme rekodi ya nini. Kuna rekodi ya msimu mmoja, kuna rekodi ya mechi moja, na kuna jumla ya mabao ya maisha yote ya mchezaji katika ligi. Hiyo ya mwisho wengi huiita "ya muda wote", tafsiri ya moja kwa moja ambayo haina utamu. Wazee wa huku wana msemo mzuri zaidi: *tangu na tangu*. "Mfungaji wa tangu na tangu" ni jina linaloeleweka hata kwa asiyejua mpira.

Pia tuseme rekodi ya ligi ipi. Waingereza wenyewe wamenaswa na mtego huu. Msimu uleule wa 2022/23, Erling Haaland wa Manchester City alifunga mabao 36, akawapita Andy Cole na Alan Shearer waliokuwa na 34 kila mmoja. Dunia ikasema rekodi ya Uingereza imevunjwa. Lakini Ligi Kuu ya huko, kwa jina hilo, ilianza mwaka 1992. Ukirudi nyuma kwenye ligi ya daraja la kwanza, utamkuta Dixie Dean wa Everton na mabao 60 katika msimu wa 1927/28. Kwa upande wa tangu na tangu, Shearer ana 260 ya Ligi Kuu, ilhali Jimmy Greaves alikuwa na 357 katika daraja la juu kabla jina halijabadilishwa. Jina la ligi lilipobadilika, Greaves na Dean walisukumwa nje ya mlango. Tena Cole na Shearer walifikisha 34 katika misimu ya mechi 42, na Haaland akafikisha 36 katika msimu wa mechi 38. Kwa hiyo mzee anaposema mechi huhesabiwa pia, hasemi upuuzi. Anaeleza jambo jingine: wastani. Rekodi ya msimu huhesabu mabao; wastani huyagawa kwa mechi. Kila moja iitwe kwa jina lake.

Sisi Wakenya hapo tumefanya vyema. Ligi yetu ya taifa ilianza 1963, na imebadilishwa jina na wasimamizi mara kadhaa, lakini tuliposema Rupia amempita Sonyi tulikuwa tunaihesabu ligi kuwa moja tangu mwanzo wake. Watanzania nao wanaposubiri mtu wa kuzipita 26 za Mohamed Hussein 'Mmachinga' wa Yanga, za mwaka 1999, wanafanya vivyo hivyo. Meddie Kagere, aliyewahi kuvaa jezi ya Gor Mahia, alifika 23 akiwa na Simba msimu wa 2018/19. Stephane Aziz Ki wa Yanga akaishia 21 msimu wa 2023/24. Mmachinga bado amekalia kiti chake.

Nina sababu ya kulisisitiza jambo hili. Mwaka 1976 nilikuwa mvulana wa shule, na mpira niliujua kwa masikio. Redio ya baba ilikuwa juu ya kabati, na sauti iliyotoka humo mara nyingi ilikuwa ya Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown, mwendo wa miguu kutoka hapa nilipoketi. Nilikuwa na daftari la kurasa 48. Kila bao lililotangazwa niliandika mfungaji, dakika na timu aliyoifungia. Nilipokwenda bweni, daftari lilibaki nyumbani. Niliporudi likizo, nilinunua bhajia kwa mama mmoja jirani, na karatasi iliyozifunga ilikuwa na mwandiko wangu. Nilizila bhajia hizo huku nikisoma mabao ya watu. Mengine yote yalikuwa yameshaliwa mtaa mzima.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Babake Mbotela, James Mbotela, aliandika kitabu *Uhuru wa Watumwa*, kilichotoka mwaka 1934, nasi tungali tunakisoma. Sauti ya mwanawe, aliyefariki Februari 2025, ilisikika kote nchini, lakini neno la hewani hupita na upepo kama halikushikwa na kalamu. Mombasa iliwahi kutoa bingwa wa ligi hii, Feisal, mwaka 1965. Nilipowauliza wanafunzi wangu darasani ni nani walioifungia Feisal, walitazamana. Mmoja aliniuliza Feisal ni mchezaji wa wapi.

Kwa hiyo nilimjibu mwanafunzi wangu wa zamani hivi: "Maurice Ochieng 'Sonyi' aliifungia Gor Mahia mabao 26 katika ligi ya taifa ya 1976, idadi hiyo ilifikiwa na Benson Omala na kupitwa na Elvis Rupia, aliyeifungia Kenya Police mabao 27, katika msimu wa 2022/23." Alilalamika kwamba ni ndefu. Nikamwambia aikate atakavyo, ila asiiguse ile irabu.

Juzi nilimsomea mzee sentensi hiyo barazani. Alisikiliza hadi mwisho, akanywa kahawa yake, kisha akamwambia kijana wa bodaboda, "Umesikia? Imepitwa. Haikuvunjwa."

Kijana akawasha pikipiki. "Sawa, mzee wangu. Lakini ni ishirini na saba."